Leo Nimesimama Mahakamani Bila Kuitwa

Singida, Jumatano jioni. Upepo haujatulia tangu asubuhi. Mabati ya jirani yanagonga, vumbi limeingia mpaka kwenye kopo la chumvi, na mimi nimekaa chumbani kwangu hapa Utemini bado nimevaa gauni nililokwenda nalo mahakamani. Sijala. Njaa sina, nina hasira.

Lakini ni hasira nzuri. Sijui kama mtu anaruhusiwa kusema hivyo.

Kwa anayepita hapa kwa mara ya kwanza: naitwa Hadija, nakamua na kuuza mafuta ya alizeti na mashudu, na blogu hii kwa kawaida ni ya kulalamikia umeme na wateja wanaoonja mafuta kwa kidole halafu hawanunui. Leo siyo hivyo. Leo naandika habari ambayo Baba amenikataza kuitamka hata kwa kunong'ona. Na ninaiandika kwa jina langu.

Mdogo wangu Shabani ni mgonjwa wa akili.

Haya, nimeandika. Paa bado liko juu yangu.

Alianza kuumwa akiwa sekondari. Kwanza alikuwa halali usiku, kisha akawa anajibu watu ambao hatuwaoni, kisha akakataa kula chochote kilichopikwa na mtu mwingine. Tukahangaika naye. Tulimsomea kisomo, tukampeleka kwa mganga kule Mkalama, tukarudi kwenye kisomo. Mwisho mimi ndiye niliyempakia kwenye bodaboda kutoka nyumbani Ilongero nikamleta hospitali hapa mjini. Akapewa dawa, na zikamkubali. Akanenepa, akarudi kuchunga ng'ombe, akawa anacheka na watu tunaowaona wote. Mama alianza hata kumtania kwamba atamtafutia mke.

Ndipo nikaposwa mimi.

Mchumba wangu anaitwa Rajabu, kwao ni Mandewa. Ni mtu mzuri, au nilifikiri hivyo mpaka leo mchana, nitafika huko. Sasa, kwetu kabla ya watu kupeana mtoto, ukoo unauchunguza ukoo mwenzake. Kuna kifafa? Kuna ukoma? Kuna kichaa? Hawakuulizi wewe usoni. Wanauliza kisimani, wanauliza mnadani, wanamuuliza mtu aliyesoma na binamu yako. Na shangazi yake Rajabu anauza chakula nje ya geti la hospitali ileile ambako Shabani alikuwa anachukua dawa.

Baba akakata shauri kwamba Shabani asionekane tena pale getini mpaka mahari ipokelewe. Mimi nikaambiwa kuna mtu anamchukulia dawa. Hakukuwa na mtu yeyote. Nilikuja kujua baada ya moto, Mama aliponiambia huku anachambua mtama, hakuniangalia usoni.

Yaani kijana aliachishwa dawa ili mimi nionekane natoka kwenye ukoo safi. Mimi nilikuwa huku mjini nachagua kitambaa.

Moto wenyewe ulikuwa hivi. Jirani yetu Mama Zena, mjane, alikuwa amevuna alizeti na kuirundika uani ikauke, vichwa vimetazama juu, akisubiri vijana wa kupura. Alasiri moja Shabani akaliwasha lile rundo. Hakukimbia. Alikaa pembeni akiangalia, na watu walipofika na ndoo aliwaambia kwamba alizeti zilikuwa zinamtazama, zinamtazama mchana kutwa, na alikuwa amechoka kutazamwa. Rundo lote likaisha, na lile ndilo lilikuwa mwaka mzima wa Mama Zena. Naandika hili kwa sababu sitaki mtu aje aniambie namtetea ndugu yangu kana kwamba hakuna aliyeumia. Aliumia mtu. Nilimwona Mama Zena amekaa kwenye majivu na khanga yake kichwani.

Polisi wakaja wakamchukua. Akashitakiwa kwa kuchoma moto mazao.

Na hapa ndipo familia yangu ilipofanya kosa ambalo, wallahi, ni sisi tu tungelifanya.

Kwetu ukikosa, unapelekwa mbele ya wazee. Unanyolewa, unaoga, unavaa vizuri, unaamkia kila mtu kwa umri wake. Wakubwa wanakueleza ulilotenda. Wewe hubishi. Unasema ni kweli, nisameheni. Ukibisha, hata kama una haki, umewadharau wazee na kosa linakuwa mara mbili. Ukikubali, wanakulaumu kidogo, wanakutoza mbuzi, mnakula, yameisha. Ndivyo Baba alivyolelewa, ndivyo alivyotulea sisi, na ndivyo alivyofikiri mahakama ya mjini inavyofanya kazi.

Kwa hiyo polisi walipompa dhamana ya siku chache kabla ya kufikishwa mahakamani, Baba alimnyoa kwa mikono yake mwenyewe. Mama akapiga pasi shati jeupe la Idi. Wakamkalisha wakamfundisha: mheshimiwa akikuuliza, sema ni kweli mheshimiwa, nisamehe. Usiongeze, usipunguze. Shabani ni mtoto mtiifu, hata ugonjwa haujamwondolea hilo. Alifanya mazoezi uani kama mtu anayekariri shairi la shule.

Siku ile ya kwanza akasomewa shitaka. Akaamkia. Akasema ni kweli mheshimiwa, nisamehe. Mheshimiwa akaandika kwamba mshitakiwa amekiri kosa. Dhamana ikafutwa, akapelekwa gerezani kusubiri, na kesi ikapangiwa leo ili yasomwe maelezo yote ya kosa. Baba alitoka pale amefurahi. Alisema mtoto kajibu kwa adabu, wataona katoka nyumba ya watu.

Mimi nilikwenda kwa msaidizi wa kisheria, dada mmoja mwenye chumba kidogo nyuma ya stendi, nikamweleza. Akaniuliza kama kuna mtu yeyote ameiambia mahakama kwamba huyu kijana anaumwa. Nikamwambia hakuna. Akavua miwani. Akanieleza kwamba leo, akikubali na hayo maelezo, anatiwa hatiani palepale na kufungwa, na kwamba mahakama ikiwa na sababu ya kuamini mshitakiwa hana akili timamu, inatakiwa isimamishe kesi apelekwe kwa daktari kwanza. Lakini mahakama inaona kilicho mbele yake. Iliona kijana aliyenyolewa, shati limepigwa pasi, anajibu kwa adabu kuliko hata wazima.

Tulimficha vizuri mno, hata sheria ikashindwa kumwona.

Jumapili nikaenda Ilongero kuwaambia waseme. Nilianza kwa shikamoo, nikapiga magoti, nikazungumza taratibu kama inavyotakiwa. Baba akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaacha Kiswahili akaendelea kwa Kinyaturu, na Baba akihamia Kinyaturu ujue mjadala umefungwa. Alisema Jumamosi hii washenga wanakuja kumaliza mambo ya mahari. Alisema neno kichaa likiandikwa kwenye karatasi ya serikali halifutiki, litanifuata mimi, litawafuata na watoto wangu. Kifungo, alisema, ni kifungo tu, wanaume wengi wamefungwa na wakarudi wakaoa.

Nilirudi mjini nimenyamaza. Watu wa kwetu walidhani nimekubali.

Leo asubuhi nilikaa benchi la tatu. Baba mbele yangu, kofia mapajani. Mama alibaki nyumbani, alisema miguu inamuuma. Mama Zena alikaa upande wa pili na binti yake, nikamwamkia, hakuitikia. Shabani akaletwa na wenzake kutoka gerezani. Amekonda. Walikuwa wamemnyoa tena, na kwa mara ya kwanza nikachukia kumwona nadhifu. Akiwa kizimbani akatuona, akatabasamu, akainamisha kichwa kumwamkia Baba kimyakimya. Vidole vyake vilikuwa vinacheza kwenye mshono wa suruali, kama kawaida yake anaposikia sauti. Nani pale angejua? Ni mimi tu na Baba, na Baba alikuwa anaangalia dirishani.

Mheshimiwa ni mwanamke wa makamo, sauti ya chini, hana papara. Mwendesha mashtaka akasimama akaanza kusoma: siku hiyo, mahali hapo, kwa makusudi na kinyume cha sheria. Nilikuwa nasikia lile neno makusudi linajirudia. Akamaliza. Mheshimiwa akamgeukia Shabani akamuuliza kama aliyoyasikia ni kweli.

Nikasimama.

Sikujipanga, nisiwadanganye. Askari wa mlangoni akaniamuru nikae, Baba akageuka akanitazama kwa jicho ambalo nikiwa mtoto lilitosha kunifanya nilie. Sikukaa. Nikasema mimi ni dada yake wa tumbo moja, na mdogo wangu ni mgonjwa wa akili, na ameachishwa dawa. Watu wakaanza kunong'ona. Mwendesha mashtaka akasema mshitakiwa ameshakiri, na yeye haoni dalili yoyote ya ugonjwa. Na kwa kweli hakuwa anaona. Simlaumu.

Mheshimiwa akanipa nafasi, akasema niseme kwa kifupi.

"Mheshimiwa, huyu amefundishwa kukubali. Muulize kitu chochote ambacho siyo kweli, atakubali pia."

Nilidhani atanitoa nje. Alinitazama, akamtazama Shabani kwa muda mrefu, kwa mara ya kwanza nafikiri alimtazama kweli. Kisha akaweka kalamu chini.

"Shabani, ni kweli kwamba jana usiku ulikuja ukaichoma moto na hii mahakama tuliyokaa?"

Shabani akaangalia kuta. Akaangalia dari. Akasimama wima zaidi.

"Ni kweli mheshimiwa. Nisamehe."

Hakuna aliyecheka. Nilikuwa naogopa watacheka. Upepo ulikuwa unasukuma dirisha na karani ameacha kuandika, mkono uko hewani.

Baada ya hapo Mheshimiwa alimuuliza mambo mengine kwa upole, kama anayezungumza na mtoto aliyeamka usingizini. Alizeti zilikuwaje? Zilikuwa zinamtazama. Na sasa hivi kuna kinachomtazama? Ndiyo, balbu. Akaandika. Akasema kule kukiri kunafutwa, itaandikwa kwamba amekana kosa, na kesi inasimama mpaka apelekwe hospitali ya wagonjwa wa akili Dodoma akapimwe na ripoti iletwe hapo. Hakunishukuru wala hakunigombeza. Aliniambia tu, dada, kaa sasa.

Nikakaa. Hapo ndipo nilipoanza kulia.

Sasa nataka niseme jambo moja, maana nisipolisema mtadhani nimeshinda.

Nje ya mahakama nilimfuata yule msaidizi wa kisheria, alikuja kusikiliza, nikamuuliza nini kinafuata. Akanieleza bila kunipaka mafuta. Madaktari wanaweza kusema alikuwa mgonjwa siku ile ya moto. Hapo mahakama itaamua kwamba kitendo alikifanya lakini alikuwa mgonjwa, na hatafungwa kama wafungwa wengine. Lakini harudi nyumbani. Anashikiliwa kule mpaka iletwe amri kutoka juu kwamba aachiwe. Nikauliza amri inatoka lini. Akasema haina siku. Inategemea ripoti, inategemea faili linatembeaje, inategemea kama nyumbani kuna mtu anayeuliza. Wapo wanaopona na bado wanakaa, kwa sababu hakuna anayeuliza.

Yaani mwizi wa ng'ombe anapewa miaka yake anaijua, anaikata ukutani, siku inafika anatoka. Mgonjwa, ambaye sheria yenyewe imesema hakujua alitendalo, yeye hapewi hata tarehe ya kuisubiri. Halafu wanasema hii siyo adhabu, huyu anatunzwa. Hebu mniambie, mtu akifungiwa mlango na hajui utafunguliwa lini, hiyo aiite nini? Sijasoma sheria, nakamua alizeti. Lakini huo mpango una shimo katikati, na wanaotumbukia humo ni watu kama Shabani, watu wa kukubali kila kitu.

Baba alikuwa amesimama karibu, akayasikia yote. Akanisogelea. Hakupaza sauti, Baba hapazi sauti hadharani.

"Nilikuwa nampeleka kwenye kifungo chenye mwisho. Wewe umempeleka kusikokuwa na mwisho. Na umejimaliza mwenyewe."

Akavaa kofia, akapanda bodaboda ya Ilongero, akaondoka bila kuniaga.

Nimeyapindua maneno yake mchana kutwa. Inawezekana ana haki kwa nusu ya kwanza. Nimejiuliza kwa unyofu wote: ningejua haya jana, ningesimama? Ningesimama. Gerezani angekuwa bila dawa, akisema ni kweli kwa kila mkubwa anayemsingizia kitu, na kila kosa la selo lingekuwa lake. Angetoka, kama angetoka, akiwa mtu mwingine. Kule Dodoma angalau kuna mtu ambaye kazi yake ni kujua kwamba anaumwa. Na kama mlango hauna siku ya kufunguliwa, basi mimi nitakuwa mtu wa kuugonga. Wanataka mtu anayeuliza? Wamempata. Nitauliza mpaka walijue jina langu, mpaka wakiniona getini waseme huyu tena.

Kabla sijaondoka pale Mama Zena alinijia. Nilijiandaa kutukanwa, na nilikuwa tayari kupokea matusi yake maana ana haki nayo. Alisimama mbali kidogo. Alisema hajamsamehe, nisije nikajidanganya. Kisha akaniambia kitu ambacho sikuwahi kukisikia: kabla ya moto, Shabani alikwenda kwake, akamwamkia vizuri, akamwomba afunike zile alizeti kwa turubai kwa sababu zinamtazama. Yeye akacheka, akampa uji, akamwambia aende nyumbani. Kesho yake Shabani akarudi akaomba tena.

"Aliniomba kwa adabu kabisa, Hadija. Nikiitwa hapa nitasema hivyohivyo."

Kisha akaenda zake na binti yake. Huyu ndiye aliyeunguliwa na mwaka wake mzima. Sisi wa damu ndio tuliokuwa tumenyamaza.

Rajabu alipiga simu saa tisa. Habari Singida hazihitaji bando. Shangazi yake ameshajua, wazee wameshakaa, na wanaona ni vyema Jumamosi iahirishwe ili wafanye uchunguzi kidogo. Alilisema neno uchunguzi kwa sauti ya chini, nadhani aliona aibu, na hilo nampa. Nikamwambia uchunguzi umeshafanyika leo mbele ya mheshimiwa, bure, angekuja kusikiliza. Nikamwambia tena, Jumamosi mimi nitapika pilau kama nilivyopanga. Atakayekuja atakula. Atakayeuliza kama kwetu kuna mgonjwa nitamjibu yupo, anaitwa Shabani, anapenda uji wa ulezi na hajui kusema uongo ila afundishwe. Asiyekuja, shauri yake.

Sijui kama bado nina mchumba. Inaniuma, siwezi kujifanya haiumi, kitambaa kimeshakatwa na kiko kwa fundi. Lakini mahari ya kununuliwa kwa dawa za mdogo wangu sikuitaka, na kama ningeulizwa mapema ningesema.

Kuna kitu kimoja sijakiandika. Nimekizunguka ukurasa mzima.

Walipokuwa wanamtoa kizimbani kumrudisha kwenye karandinga, askari mmoja mwenye utu alimwacha asimame kwangu kidogo. Shabani akanishika mkono. Alikuwa na wasiwasi, lakini ni ule wasiwasi wa mwanafunzi, siyo wa mfungwa. Akaniuliza:

"Dada, nimejibu vizuri?"

Nami, niliyetoka kusimama mbele ya watu wote kupinga, nikamwangalia machoni nikasema ndiyo. Umejibu vizuri. Nililelewa nyumba moja na yeye, na sisi hatukufundishwa jibu lingine.

Upepo bado unavuma. Nitakula sasa, nijilazimishe, maana safari ya Dodoma inataka nguvu. Nikiruhusiwa kumwona nitampelekea nguo, lakini siyo lile shati jeupe, hilo nikilipata ninalichana liwe vitambaa vya kufutia mashine. Nitampelekea uji wa ulezi. Na nitakaa naye tuanze somo jipya, mimi na yeye, neno moja tu, tulirudie mpaka litoke bila kutetemeka.

Hapana, mheshimiwa.